Jukwaa Lisilo na Benchi

Saa nane mchana ilikuwa imeshapita, mgeni rasmi amekaa, watoto wa shule wamejazana sakafuni mbele ya jukwaa, na dada wa Kibosho anayeigiza mjane katika igizo letu hajatokea. Mwongozaji alishatoka nje mara tatu kuangalia barabara ya Kibosho. Simu ya yule dada ilikuwa haipatikani. Ndipo msusi, binti wa miaka 22 ambaye kwa miezi miwili alikuwa akija mazoezini kuwasuka waigizaji, akamsogelea mwongozaji na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi naijua yote."

Na kweli aliijua. Alipanda jukwaani na gauni lisilo lake, nimelibana kiunoni kwa pini mbili, akaigiza mjane anayefukuzwa na shemeji zake kihambani, yaani kwenye shamba la familia la Kichaga, mwanzo hadi mwisho, bila kukosa neno. Mimi ndiye mshika skripti wa kikundi kile, mwaka wa sita sasa. Nakaa nyuma ya pazia na kumnong'oneza anayesahau. Siku ile, ukumbi wa parokia ukiwa umejaa hadi madirishani, sikunong'ona hata mara moja.

Zilikuwa zimebaki dakika chache igizo liishe dada wa Kibosho alipoingia. Yeye aliambiwa shughuli ni saa kumi. Aliyemwambia ni msusi.

Moshi ni mji mdogo. Kufika Jumatatu habari ilishazunguka Majengo, Pasua na soko la Mbuyuni, na kila aliyeisimulia alikuwa na neno lake: figisu, kimbelembele, roho mbaya. Na kama ilivyo desturi yetu mwanamke anapopanda mahali, wapo walioongeza kwamba lazima kuna kitu kati yake na mwongozaji. Hakikuwepo. Nalisema hilo kwa sababu nilikuwa nao chumba kimoja kila Jumatano na kila Ijumaa kwa wiki nane.

Wiki iliyofuata kikundi kikaitisha kikao na kutoka na azimio moja: asiye na nafasi kwenye igizo asihudhurie mazoezi. Msusi, muuza chai, rafiki aliyemsindikiza mwigizaji, wote nje. Nilinyoosha mkono kupinga, maneno yakanikwama, nikakaa. Hapa najaribu kuyasema yale yaliyonikwama. Naamini kikundi changu kilikosea, na vikundi vingi vya hapa na vya Arusha vinakosea vivyo hivyo. Tunamkamata binti na ujanja wake, halafu tunaziba hata ule upenyo mdogo uliokuwa umebaki kwa mtu asiyejuana na mtu.

Nianze na jinsi alivyojifunza ile nafasi, maana watu wakisimulia wanaliruka hilo. Dada wa Kibosho ana watoto watatu na ng'ombe wa kulishia zizini, na kukata majani ni kazi ya kila siku ya Mungu. Muda wake wa kukariri ulikuwa pale anaposukwa. Anakaa kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti ya msusi, skripti mapajani, anasema mistari yake kwa sauti huku nywele zikivutwa. Akikwama, msusi anasimamisha kitana na kusubiri. Kufika wiki ya tatu nikaona msusi hasubiri tena. Anamtajia neno linalofuata, taratibu, bila kuangalia karatasi.

Kuna mstari mmoja ambao mjane anawaambia shemeji zake: "Masale haya niliyapanda na marehemu. Anayetaka kuuhamisha mpaka, aanze kunihamisha mimi." Kwa msomaji asiye wa Kilimanjaro, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani lake ndilo Mchaga humpelekea aliyemkosea anapokwenda kuomba radhi. Dada wa Kibosho alikuwa akiusema ule mstari kwa hasira, na ulimkaa vizuri. Jioni moja nikamsikia msusi akiusema peke yake, anafagia nywele zilizodondoka sakafuni. Aliusema kama mtu ambaye ameshausema mara nyingi na hakuna aliyemsikiliza. Mwili ulinisisimka.

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Zilikuwa zimebaki wiki tano, nilikuwa na jicho la kuona na mdomo wa kusema, na sikwenda kwa mwongozaji kumwambia kwamba kuna binti pale nyuma anaijua nafasi ya mjane kama sala. Kwa nini sikusema? Kwa sababu nafasi ya mjane ilikuwa na mwenyewe, na katika vikundi vyetu nafasi yenye mwenyewe haizungumzwi tena. Nilijiambia halinihusu.

Na binti alishaomba. Mwezi wa kwanza tu wa mazoezi alimfuata mwongozaji, akamwamkia, akamweleza kwamba anapenda kuigiza na yuko tayari kwa nafasi yoyote. Akajibiwa kwa upole, "Nafasi zimejaa, binti yangu, labda mwakani." Lilikuwa jibu la kweli. Igizo lilikuwa na wahusika 14 na waigizaji 14. Ila jibu hilo halikuwa na sehemu ya kumweka mtu asubirie. Akatoka pale akiwa na kazi moja tu inayomruhusu kuendelea kuingia ukumbini: kusuka.

Sasa tupime. Kusuka kwa bei ya chini ili upate kukaa karibu na mazoezi ni ujanja, na haumdhuru mtu. Kukariri nafasi ya mwenzako bila kutumwa ni ujanja pia, na laiti waigizaji wetu wote wangekuwa nao. Kumwambia mwongozaji "naijua yote" saa ya shida ni ujasiri. Kosa ni moja. Ijumaa usiku ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp kwamba mgeni rasmi amesogeza shughuli hadi saa nane. Dada wa Kibosho anatumia kitochi, simu isiyo na WhatsApp. Mwongozaji akamwomba msusi, aliyekuwa anakwenda kumsuka Jumamosi asubuhi, amfikishie habari. Msusi alipanda Kibosho, akamsuka mtindo wa twende kilioni kichwa kizima kama mjane anavyotakiwa kusukwa, akala chai aliyokaribishwa, akamwambia ni saa kumi, akashuka mjini. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeshasukwa twende kilioni tangu usiku wa jana. Niliziona wakati nambana lile gauni, na nikaelewa.

Kwa hiyo simtetei kwa lile. Ila nawaomba wasomaji waangalie uongo ule ulimwangukia nani.

Sote tumelelewa na hadithi za Sungura. Tukiwa wadogo tulishangilia alivyomdanganya Simba, alivyomwingiza Fisi mkenge, alivyowaburuzisha Tembo na Kiboko kamba kila mmoja akidhani anavutana na Sungura. Hakuna bibi aliyetukataza kushangilia. Ujanja wa Sungura ni wa mdogo dhidi ya mkubwa, wa asiye na meno dhidi ya mwenye meno. Abunuwasi naye ni hivyo hivyo, anahangaika na Sultani. Sijawahi kusikia hadithi ambayo Sungura anamlaghai sungura mwenzake tukaambiwa tucheke.

Msusi alimlaghai sungura mwenzake. Orodha ya nafasi hakuiandika dada wa Kibosho, wala si yeye aliyesema labda mwakani. Alikuwa mwanamke mwingine aliyepata nafasi yake kwa jasho, tena kwa shida kubwa kuliko wanaume wote wa kikundi kile. Lakini kutoka pale alipokaa msusi, hapakuonekana kizuizi kingine. Kati yake na jukwaa kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kati ya magoti yake akisukwa. Utaratibu uliompeleka huko ndio ninaotaka tuuzungumze.

Nenda uwanja wowote wa vumbi hapa Moshi jioni, Pasua au Njoro, timu za mtaa zinacheza na jezi za kuchangishana. Utakuta pembeni vijana wamekaa na viatu wameshavaa. Hao ni akiba. Kila mtu anawajua, wanafanya mazoezi na wenzao, na aliye uwanjani anajua kwamba akilegea kuna mtu amesimama anajinyoosha. Akiba hamwombei mwenzake avunjike mguu. Ana sehemu yake halali ya kusubiri na anaonekana na kocha akiwa hapo. Kocha akienda mechi na wachezaji 11 bila hata mmoja benchi, mji mzima utamwuliza kama yuko timamu. Sisi tuliandaa igizo kwa miezi miwili tukiwa na mjane mmoja, anayekaa mlimani, anayetumia kitochi, mwenye ng'ombe anayeweza kuugua siku yoyote. Ikitokea mvua Kibosho barabara ikateleza, hatuna igizo. Na hakuna aliyetuuliza kama tuko timamu.

Katika majumba makubwa ya maigizo ya London na New York mwigizaji wa akiba ni ajira. Anajifunza nafasi ya mwingine, anafanyiwa mazoezi yake, analipwa kwa wiki hata kama hajapanda jukwaani usiku hata mmoja. Wapo wanaobeba nafasi tatu au nne kichwani kwa wakati mmoja. Kule nako kuna wivu na fitina, binadamu ni binadamu. Lakini binti aliyeikariri nafasi ya mkubwa wake ana cheo kinachotambulika, na mkubwa wake anajua kuwa yupo.

Kwetu nafasi inapatikanaje? Nieleze ninavyoiona. Shirika linataka ujumbe uwafikie watu: mirathi, ukatili wa kijinsia, chanjo, mazingira. Linampigia simu mtu mmoja wanayemwamini. Mtu huyo anapiga simu kwa anaowajua, na kufika jioni kikundi kimekamilika. Hakuna tangazo wala usaili. Maigizo ya namna hii, ya kwenda kwa wananchi na kuzungumza shida zao, yana historia ya heshima nchini. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliyapeleka vijijini tangu miaka ya 1980, na wanakijiji wenyewe ndio walioshika jukwaa. Siku hizi kuna posho ya siku, na si posho ndogo kwa mtu anayesuka vichwa Majengo. Nafasi kwenye igizo imekuwa kibarua. Na kibarua kinachogawiwa kwa simu za jioni kinakwenda kwa ndugu, jirani na rafiki, hata kama anayegawa ni mtu mwema kabisa. Mwongozaji wetu ni mtu mwema. Anafanya kama alivyofanyiwa.

Mtu ataniambia binti mwenye kipaji aende shule. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa, na kimetoa watu wazuri. Kutoka Moshi ni karibu kilomita 500, kutwa nzima kwenye basi, na kule kuna ada na chumba na chakula. Binti anayemlisha mama yake kwa kusuka hawezi kuufunga mkeka wake na kupanda basi. Hapa kaskazini jukwaa lake ni ukumbi wa parokia, ukumbi wa harusi siku usipokuwa na harusi, na uwanja wa shule. Arusha wana uwanja mkubwa wenye jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyetufundisha sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha 1954, na kila nikipita pale nikasikia mpira unachezwa huwa namkumbuka na kujiuliza kama kuna kijana ndani anayejua jina hilo ni la nani. Nimetoka kidogo nje ya njia, nirudi.

Swali la "ameingiaje?" limewafuata wanawake wa jukwaani kila mahali. Uingereza ya Shakespeare haikuruhusu mwanamke kuigiza katika majumba ya umma. Wake na mabinti wa kwenye maigizo yale waliigizwa na wavulana, na ilikuwa mwaka 1660 ndipo mwanamke akaanza kuonekana jukwaani London kwa kazi ya kulipwa. Waliotangulia walisemwa sana. Hapa kwetu Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia mjini Unguja akitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha Mumbai kurekodi santuri mwaka 1928. Leo tunamtaja kwa fahari. Wakati wake walimkumbusha ametoka wapi na amevaa nini. Nikiwasikia watu pale Mbuyuni wakisema "msusi na maigizo wapi na wapi", nasikia neno lile lile la miaka 100 iliyopita.

Na kuna jambo zito zaidi. Uvumi ule kwamba msusi alimpa mwongozaji mwili haukuzuka bure. Watu waliufikiria upesi kwa sababu wanajua zipo sehemu ambapo ndivyo nafasi inavyopatikana. Mabinti wameniambia, wengine wakilia, kuhusu watu waliowataka waje "usaili" saa mbili usiku kwenye nyumba ya wageni. Hao hatuwataji sokoni Jumatatu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Iko wazi kabisa. Lakini sheria inahitaji mtu wa kusema "huyu alidai nimpe mwili ndipo anipe nafasi." Binti atathibitishaje kwamba palikuwa na nafasi na kwamba alidaiwa hivyo, wakati hakuna tangazo, hakuna orodha ya walioomba, hakuna mtu wa tatu aliyekuwa chumbani? Usiri wetu wa kugawa nafasi, hata tunapoufanya kwa nia njema, unamwachia mtu wa nyumba ya wageni sehemu nzuri ya kujificha. Anaonekana kama sisi wengine tu, anayepiga simu zake jioni.

Ndiyo maana azimio la kikundi changu linanisumbua. Kumzuia asiye na nafasi asione mazoezi ni kuondoa macho ya ziada ukumbini. Muuza chai ni shahidi, na msusi pia. Milango ikifungwa, wanabaki wagawaji na waliogawiwa.

Nimrudie dada wa Kibosho, kwa sababu katika maneno yote ya mjini yeye amesahaulika, na sitaki nami nimsahau kwa kumhurumia msusi. Aliingia kwa mlango wa nyuma akihema, ameshika viatu mkononi maana alishuka kwenye bodaboda akakimbia kipande cha mwisho. Alidhani amewahi. Akasikia kutoka jukwaani, "Masale haya niliyapanda na marehemu." Nilimwona akisimama. Midomo yake ikaufuata mstari ule mpaka mwisho, bila sauti. Halafu watu wakapiga makofi, akakaa chini kwenye kreti la soda, na mkono ukaenda kichwani kugusa zile nywele zilizosukwa asubuhi na yule anayepigiwa makofi. Nilitaka kumfuata lakini sikuweza kuondoka kwenye pazia. Alikaa hapo mpaka ukumbi ulipotoka wote. Mwongozaji alipomwambia pole, alijibu, "Mwalimu, nilikuwa na watu wangu wanne humo ndani." Mume wake, mama mkwe na watoto wawili wakubwa walikuwa wametangulia mjini tangu asubuhi, wamekaa safu ya tatu, wanamsubiri atokee.

Anayesema msusi hakufanya kosa anambie nimweleze nini mama mkwe yule.

Wiki mbili baadaye msusi alipanda Kibosho na mama yake na mzee mmoja wa ukoo, wamebeba jani la isale. Niliombwa niwepo. Mzee alisema yanayosemwa, na binti akapiga magoti, akasema, "Dada, nilikudanganya, na chai yako nilikunywa." Kwa desturi yetu isale likishaletwa ni vigumu sana kulikataa. Dada wa Kibosho alilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema. "Ila nywele zangu hutazigusa tena." Hakuna aliyejaribu kumbembeleza alegeze hilo.

Wanaopingana nami wana hoja mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni ile ya subira: mwenye kipaji atajulikana tu, asiharakishe. Wanaoniambia hivyo ni watu wazima waliopitia mengi, na subira imewalipa. Lakini subira inamfaa aliye kwenye foleni. Binti huyu hakuwa kwenye foleni yoyote, na "labda mwakani" haina namba. Ningekuwa na imani na subira kama ningeweza kumwonyesha karatasi ukutani yenye jina lake, hata kama liko la mwisho.

Ya pili ni ya mwongozaji mwenyewe. Anasema akiba ataleta fitina ndani ya kikundi, kila mtu ataanza kumwangalia mwenzake kwa jicho baya. Nimemjibu kwamba fitina imeshakuja bila akiba, na iliposhuka ilitukuta hatujui hata kwamba ipo. Akiba anayejulikana anafanya mazoezi ya nafasi ile mbele ya mwenyewe, mara moja kwa wiki. Wanasikilizana. Dada wa Kibosho angemsikia msusi akiusema ule mstari kwa sauti ya kuchoka, na huenda angejifunza kitu, kama ambavyo msusi alijifunza maneno yote kutoka kwake. Na ahadi ya kukaa benchi iwe na tarehe. Igizo likichezwa mara tatu, mara moja liwe la akiba, limeandikwa tangu siku ya kwanza, ndugu zake nao wajue siku ya kuja.

Tangazo la usaili halina gharama. Karatasi kwenye ubao wa parokia na msikitini, nyingine stendi, na neno moja redioni. Waje wasusi, wauza ndizi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wasome ukurasa mmoja mbele ya watu watatu badala ya mmoja, mchana, milango wazi.

Akiba ndiye mwenye gharama, na neno hilo ndilo pekee nililowahi kulitaja kikaoni kabla maneno hayajanikwama, wakacheka. Kwa hiyo nimepiga hesabu. Nauli ya daladala kwenda na kurudi kwa mtu wa Kiboriloni au Pasua nimeiweka shilingi 1,200. Mazoezi mara mbili kwa wiki, wiki nane, ni safari 16, yaani shilingi 19,200 kwa akiba mmoja. Igizo letu lilihitaji akiba wanne kwa nafasi kubwa, jumla shilingi 76,800. Bajeti ya siku ile ninayo, nimeikunja ndani ya skripti. Mapambo ya ukumbi na meza kuu yaliandikiwa shilingi 150,000.

Kikao kijacho ni Jumatano. Naipeleka hesabu hii ikiwa imeandikwa, na chini yake jina la akiba ninayempendekeza kwa nafasi ya mjane, maana tumealikwa tulicheze tena igizo lile Himo. Dada wa Kibosho nimeshamwuliza kabla ya kumwandika mtu yeyote. Alinyamaza muda mrefu, anakatakata majani ya ng'ombe. Kisha akasema aje, lakini saa ya kufika atamwambia yeye mwenyewe.